Namba na Hatua Yake: Kudurusu Uuguzi Ukiwa Kisii na Nyamira

Mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya haukuulizi tu kama unajua kwamba presha ya mama mjamzito ikifika 140/90 kuna shida. Unataka kujua utafanya nini ukiikuta, utaanza na lipi, utamwita nani na utaandika nini kwenye faili. Hapo ndipo wanafunzi wengi wenye bidii hupoteza alama. Namba zote wanazo kichwani, lakini kila namba imekaa peke yake, haina hatua inayoifuata. Mwongozo huu ni wako wewe uliye KMTC Kisii au Nyamira, uliye Tabaka, Chuo Kikuu cha Kisii au chuo kingine chochote cha Gusii, umebakisha wiki chache na daftari lako ni nene kuliko muda ulionao. Shauri langu ni moja na mengine yote yanalitegemea: usiandike namba yoyote katika daftari la kudurusia bila kuandika kando yake kazi itakayofanywa na mikono yako.

Nunua daftari jipya. Piga mistari miwili wima katika kila ukurasa upate safu tatu. Ya kwanza ni ninachoona, ya pili ni kiwango, ya tatu ni ninachofanya. Tuseme mtoto wa miezi saba analetwa akikohoa. Katika safu ya kwanza andika kwamba unahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, akiwa ametulia mapajani mwa mama, nguo zimeinuliwa uone kifua. Safu ya pili: kwa umri wake, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kupumua kwa kasi, kwa aliye chini ya miezi miwili ni 60, kuanzia miezi 12 hadi kabla ya miaka mitano ni 40. Safu ya tatu ndiyo yenye alama. Unaangalia kama kifua kinabonyea anapovuta pumzi, kama anaweza kunyonya, kama amepata degedege, kama anatapika kila kitu. Unapima oksijeni, na ikiwa chini ya asilimia 90 unampa oksijeni kabla ya kuuliza maswali zaidi. Ukurasa mmoja wa namna hiyo una thamani kuliko kurasa kumi za maelezo uliyonakili kitabuni neno kwa neno.

Safu ya kwanza ijaze kutoka wodini. Ukiwa kwenye zamu katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, au ile ya rufaa ya Kaunti ya Nyamira, au Keumbu, Keroka na Ogembo, kila mgonjwa unayemhudumia ni swali la mtihani lililokuja lenyewe. Baada ya zamu chagua mmoja tu. Andika umri wake, alichokuja nacho, vipimo vyake, kilichofanywa kwanza na kwa nini. Usiandike jina lake, kijiji chake wala namba ya faili. Siri ya mgonjwa haikai katika daftari linalozunguka bwenini. Jioni msomee mwenzako kisa hicho bila kumwambia kilichofanywa, umwache yeye aseme. Akikwama, nyote wawili mmejua cha kusoma usiku huo.

Sasa tuingie katika mada zenyewe. Nitakaa zaidi na mama, malaria na mtoto mchanga, kwa sababu ndiyo yanayojaza wodi zetu na ndiyo yasiyosamehe mtu aliyekariri nusu.

Anza na kuvuja damu baada ya kujifungua. Ukiajiriwa katika zahanati ya mbali kule Nyamache au Borabu, usiku, ukiwa na msaidizi mmoja, hili ndilo litakalokujia bila hodi. Kiwango kilicho katika vitabu vingi ni 500 ml baada ya kuzaa kwa njia ya kawaida na 1000 ml baada ya upasuaji. Mnamo Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani lilisogeza mlango karibu zaidi: baada ya kuzaa kwa njia ya kawaida, damu ikifika 300 ml na mapigo au presha ya mama imeanza kuharibika, anza matibabu, usingoje 500. Ukielewa sababu hutasahau namba. Mama mwenye upungufu wa damu, na wako wengi, hana akiba ya kupoteza nusu lita. Tena makadirio ya macho hudanganya, kwa kuwa damu nyingi hunywewa na shuka na pamba, na nyingine huchanganyika na maji ya uzazi.

Kinga yake inaanza kabla ya kondo kutoka. Mtoto akishazaliwa, papasa tumbo uhakikishe hakuna pacha, kisha mpe mama vizio 10 vya oksitosini kwenye msuli ndani ya dakika moja. Kitovu ngoja dakika moja hadi tatu ndipo ukibane, mradi mtoto analia na kupumua vizuri. Toa kondo kwa kuvuta kitovu taratibu huku mkono mwingine umekinga mji wa mimba kwa juu, halafu kagua kondo pande zote mbili kama limekamilika. Oksitosini hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikilala mezani wodi nzima inaweza kuwa na dawa isiyo na nguvu. Swali la namna hiyo huulizwa, na ni swali la haki.

Damu ikizidi, sababu ni nne: mji wa mimba umelegea, kipande cha kondo kimebaki, kuna mchaniko, au damu haigandi. Kulegea ndiko kunakoongoza kwa mbali, kwa hiyo mkono wako wa kwanza uende tumboni. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60 pale wakunga walipopima damu kwa mfuko maalumu wenye alama chini ya mama, kisha wakafanya mambo yote kwa pamoja badala ya kujaribu moja, kungoja, halafu kujaribu jingine. Mambo hayo ni kusugua mji wa mimba, dawa ya kuukaza, gramu 1 ya asidi ya traneksamiki kwenye mshipa kwa dakika 10, dripu, na kumkagua mama kutafuta chanzo huku ukiita msaada. Traneksamiki itolewe ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, dozi ya pili hutolewa. Usisahau kibofu. Kibofu kilichojaa huzuia mji wa mimba kukaza, na mtahini hupenda kuona kama umekikumbuka.

Sura ya pili ya ukunga ni kifafa cha mimba, na hapa ningependa ukae na bomba la sindano mkononi, si kalamu tu. Chukua kisa hiki: mama wa wiki 34 anafika kwa pikipiki kutoka upande wa Ekerenyo. Kichwa kinamuuma, anaona vimulimuli, presha ni 170/115 na mkojo una protini. Presha ya 160/110 au zaidi ni kali, na dalili zake zinakuambia degedege linaweza kuja wakati wowote. Dawa ya kulizuia ni magnesiamu salfeti. Ile ya asilimia 50 ina gramu 1 katika kila 2 ml. Unahitaji gramu 4 za mshipani, yaani 8 ml, na huwezi kuziingiza zikiwa kali hivyo. Vuta 8 ml hizo, ongeza 12 ml za maji ya sindano, upate 20 ml za asilimia 20, kisha ingiza polepole kwa dakika 5 hadi 20. Halafu 10 ml za ile ya asilimia 50, ambazo ni gramu 5, kwenye msuli wa tako moja, na 10 ml nyingine tako la pili, kila moja ikiwa na 1 ml ya lignokeini ya asilimia 2 kupunguza maumivu. Jumla ya dozi ya kuanzia ni gramu 14. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa 4, ukibadilisha matako, hadi saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote litakalokuwa la baadaye.

Kabla ya kila dozi inayofuata kuna mambo matatu ya kupima, na ukikosa hata moja dawa haitolewi: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke unapoligonga, mkojo usipungue 30 ml kwa saa. Sababu ni moja. Magnesiamu hutoka mwilini kwa njia ya figo. Mkojo ukipungua dawa hujikusanya, goti huacha kuruka kwanza, kisha pumzi hufuata. Ukishaelewa mfuatano huo huhitaji kukariri orodha. Dawa ya kuipinga ni kalisiamu glukoneti, gramu 1, yaani 10 ml za asilimia 10, mshipani polepole, na iwe tayari kando ya kitanda tangu mwanzo. Halafu kumbuka kwamba magnesiamu si dawa ya presha. Kwa presha kuna haidralazini, labetaloli au nifedipini, na matibabu kamili ni mtoto kuzaliwa. Mwanafunzi anayeandika magnesiamu vizuri kabisa kisha akaiacha presha bila dawa amemtibu mama nusu.

Malaria. Kisii na Nyamira ni nyanda za juu ambako ugonjwa huu huja kwa mawimbi, hasa baada ya mvua za masika. Mwaka 1999 uliwaka vibaya Gucha hadi Madaktari Wasio na Mipaka wakaja kusaidia. Somo la kitabibu lililo ndani ya historia hiyo ni hili: mtu wa pwani au wa ukingo wa Ziwa Viktoria ameumwa na mbu wenye vimelea tangu utotoni na mwili wake umejenga kinga kiasi, lakini mtu wa milimani hana kinga hiyo. Kwa hiyo hapa hata mtu mzima mwenye nguvu anaweza kuingia katika malaria kali. Usimwache kijana wa miaka 25 mwenye homa na maneno yasiyoeleweka akae benchi eti watoto kwanza.

Dalili za hatari zigawe kwa viungo, hazitakuchanganya. Kichwani kuna kupoteza fahamu na degedege zaidi ya mara mbili ndani ya saa 24. Kifuani kuna kupumua kwa shida. Katika damu kuna upungufu mkubwa wa damu na sukari iliyoshuka chini ya 2.2 mmol/l. Kwenye mkojo kuna rangi nyeusi au figo kushindwa. Na kuna kudhoofika hadi mtoto hawezi kukaa wala kunyonya. Matibabu ni sindano ya atesuneti. Aliye chini ya kilo 20 hupewa 3 mg kwa kilo, na aliye na kilo 20 au zaidi 2.4 mg kwa kilo. Wanafunzi huona ajabu kwamba mtoto mdogo apewe dawa nyingi zaidi kwa kila kilo. Ni kwa sababu mwili wake huiondoa dawa haraka. Saa za kutoa ni 0, 12 na 24, kisha mara moja kila siku hadi aweze kumeza. Hata akizinduka baada ya sindano ya kwanza, amalize zile tatu, halafu apewe dozi kamili ya vidonge vya siku tatu. Kumrudisha nyumbani kwa sindano peke yake ni kumwachia ugonjwa ujirudie.

Fanya hesabu yake sasa hivi. Mtoto ana kilo 14. Mara 3 ni 42 mg. Chupa ya 60 mg huyeyushwa kwa 1 ml ya sodiamu baikaboneti, kisha kwa njia ya mshipa huongezwa 5 ml za maji ya chumvi. Jumla 6 ml, kila moja ikiwa na 10 mg. Atapewa 4.2 ml. Iliyochanganywa itumike ndani ya saa moja, inayobaki imwagwe. Na kabla hujashika chupa hiyo, umemtoboa kidole ukapima sukari? Mtoto asiye na fahamu sukari yake hupimwa kwanza, na ikiwa chini hupewa 5 ml kwa kilo za glukosi ya asilimia 10. Kwa huyu wetu ni 70 ml.

Mtoto mchanga wa Gusii ana adui ambaye vitabu vya nchi za joto humpa mistari miwili tu, nao ni ubaridi. Usiku wa Nyansiongo au Keroka si usiku wa Kisumu. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Akishuka chini ya hapo hutumia oksijeni na sukari yake kujipasha, halafu sukari huisha na kupumua kunaharibika. Baridi, sukari kushuka na kupumua kwa shida hutembea pamoja. Ukikuta kimoja tafuta viwili vilivyobaki. Mkaushe mara anapotoka, tupa kitambaa kilicholoa, mlaze kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, mvishe kofia, anyonye ndani ya saa ya kwanza, na kuogeshwa kungoje saa 24. Asipolia baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo, una dakika moja tangu kuzaliwa kuanza kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, ukitazama kifua kama kinainuka. Kifua kisipoinuka, rekebisha kichwa na barakoa kabla ya jambo lingine lolote. Alama za Apgar huchukuliwa dakika ya 1 na ya 5, lakini usikae ukihesabu alama ilhali mtoto hapumui. Jibu linaloanza na Apgar kabla ya hewa hukosa alama, na linastahili kukosa.

Mengine nitayapitia kwa haraka, wewe uyapanue katika safu zako. Chanjo: BCG na matone ya polio akizaliwa, wiki ya 6, 10 na 14 ndizo za pentavalenti na nimonia, surua na rubela miezi 9 na miezi 18. BCG ni 0.05 ml ndani ya ngozi ya mkono wa kushoto. Pentavalenti paja la kushoto, ya nimonia la kulia. Chanjo hukaa nyuzi 2 hadi 8, na zile zinazoharibika zikiganda, kama pentavalenti na pepopunda, hazirudishwi kazini hata zikiyeyuka. Potasiamu ya damu ni 3.5 hadi 5.0 mmol/l, na kloridi ya potasiamu haisukumwi mshipani kwa bomba kamwe, kwa kuwa husimamisha moyo. Digoksini: sikiliza moyo dakika nzima, na kwa mtu mzima ukiwa chini ya 60 zuia dozi, mwarifu daktari. Kipimo cha fahamu cha Glasgow ni 3 hadi 15: macho 4, maneno 5, mwendo 6, aliyeangushwa na bodaboda akaletwa akiwa na 8 au chini hawezi kulinda njia yake ya hewa. Rifampisini hugeuza mkojo rangi ya chungwa na mgonjwa aambiwe mapema asije akaacha dawa; ethambutoli hugusa macho, isoniazidi mishipa ya fahamu. Ukijichoma na sindano osha kwa maji na sabuni, usikamue, ripoti, na dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi zianze ndani ya saa 72, ziendelee siku 28.

Hesabu za dawa zinahitaji mazoezi ya kila siku, dakika chache tu, bila simu. Dripu ya 1000 ml kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa ml: 1000 mara 20 gawa kwa 480 ni matone 42 kwa dakika. Mtoto wa kilo 12 aliyekaukiwa maji kiasi hupewa maji ya chumvichumvi 75 ml kwa kilo, yaani 900 ml kwa saa 4, kwa kijiko au kikombe. Swali la kuungua ndilo lenye mtego. Mtu mzima wa kilo 60 ameungua asilimia 30: 4 mara 60 mara 30 ni 7200 ml kwa saa 24, nusu yake, 3600, katika saa 8 za mwanzo. Lakini saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua. Ikiwa amesafirishwa saa 2 kutoka nyumbani, 3600 hizo zimebakiwa na saa 6, yaani 600 ml kwa saa. Anayegawa kwa 8 amekosea hata kama kanuni ameiandika sawa.

Angalia pia mwaka wa kitabu chako. Vitabu vinavyorithishwa bwenini vina mambo mazuri, lakini vingine vimepitwa. Hatua ya uchungu mkali ilikuwa ikianza sentimita 4. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unaanza na 5. Ukikuta namba mbili zinazopingana, muulize mwalimu wako ni mwongozo upi wa Wizara ya Afya unaotumika darasani, andika huo, na kando yake andika mwaka. Usijaribu kubeba zote mbili hadi chumba cha mtihani.

Kuna mada moja ya sheria na maadili ambayo mwanafunzi wa hapa hana ruhusa ya kuisoma juujuu, nayo ni ukeketaji. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014, asilimia 84 ya wanawake wa Kikisii wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa Kenya nzima ilikuwa 21. Na katika Gusii wasichana wengi hukatwa na watu wenye mafunzo ya afya, wenye glavu na dawa ya ganzi, kwa siri, hasa likizo ya Novemba na Desemba. Yaani anayetafutwa ni mtu mwenye ujuzi ulio nao wewe. Sheria ya mwaka 2011 haitofautishi wembe na kisu cha hospitali. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Msichana akifa ni kifungo cha maisha. Kujua na kunyamaza nako ni kosa. Machi 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuifuta sheria hiyo.

Mtihani unaweza kukupa kisa: mama anakuja na binti wa miaka tisa, anaomba "kakitu kadogo" kifanywe na muuguzi ili mtoto asiumie. Jibu lenye alama halianzi kwa kumkemea. Kataa waziwazi, msikilize, mweleze madhara ya sasa na ya baadaye: damu, maambukizi, maumivu, makovu yanayochanika wakati wa kuzaa. Mwambie kwamba ganzi haiondoi hata moja kati ya hayo yatakayokuja. Zungumza naye kwa lugha anayoielewa. Kama omong'ina, yaani bibi mzee, ameandamana nao, yeye ndiye mwenye neno nyumbani, kwa hiyo mheshimu na umhusishe. Kisha toa taarifa kwa afisa wa watoto, chifu au polisi, au piga simu ya watoto 116, na uandike ulichofanya. Ukieleza madhara vizuri bila kutaja taarifa, jibu halijakamilika.

Katika kujibu, soma alama kabla ya swali. Swali la alama 2 linalosema utaje halihitaji aya. La alama 20 kuhusu kumhudumia mama mwenye kifafa cha mimba linahitaji mpangilio: hali ya dharura kwanza, vipimo, dawa na dozi, uangalizi na muda wake, mtoto, familia, kumbukumbu. Kila tendo liandikie sababu yake. Usiandike "fuatilia mgonjwa". Andika utapima presha na mapigo kila dakika 15 na kwamba utamwita daktari pumzi zikishuka chini ya 16. Katika maswali ya kuchagua, majibu mawili yakiwa sahihi yote, chagua linalookoa njia ya hewa, pumzi na mzunguko wa damu kwanza, na ukumbuke kwamba kumpima mgonjwa hutangulia kumtibu, isipokuwa swali limeshakupa vipimo vya kutosha. Katika tathmini za wodini sema kwa sauti unachofanya, kuanzia kunawa mikono na kumtambua mgonjwa kwa majina yake mawili. Mtahini hawezi kutia alama kwa wazo lililobaki kichwani.

Kama lengo lako ni NCLEX ya Marekani baada ya usajili, daftari lilelile litakufaa, ila fungua kurasa za mwisho uandike tofauti. Sukari kule hupimwa kwa mg/dl: zidisha mmol/l kwa 18, hivyo 3.9 ni 70. Joto huandikwa kwa Farenhaiti. Parasetamoli huitwa asetaminofeni, adrenalini epinefrini, salbutamoli albuteroli, pethidini meperidini. Mtihani hufanywa kwenye kompyuta, maswali 85 hadi 150, saa tano, na kompyuta hubadilisha ugumu kulingana na unavyojibu. Ukiona maswali yanakuwa magumu, endelea kujibu moja baada ya jingine.